Kinga ya mtoto "imeshuka" kutoka wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mtoto wa kiume wa dada yangu amepimwa na kukutwa damu yake karibu haina chembe B, zile chembe nyeupe zinazozaa kingamwili, yaani protini za kupambana na vijidudu. Tumeambiwa tatizo ni la kuzaliwa. Hapa Nachingwea kila anayekuja kutupa pole anasema "kinga imeshuka", na wengine wananong'ona UKIMWI. Lipi sahihi?

JIBU: Marahaba. Sema "upungufu wa kinga wa kuzaliwa", wala hayo "wa kuzaliwa" usiyameze, maana ukiyameza unabaki na maneno yaliyozaa kifupi cha UKIMWI. Kinga yenyewe imetoka kwenye kukinga, yaani kuzuia kitu kisikufikie. Hapo hatuna ugomvi.

Ugomvi wangu ni na hilo "imeshuka". Limehamishwa kutoka kliniki ya VVU, ambako lina haki yake: virusi huharibu chembe za CD4, aina ya chembe nyeupe za kinga, idadi ikashuka, na mgonjwa akimeza dawa ikapanda. Kwa mtoto huyu hakuna kilichoshuka. Bei ya korosho mnadani Tandahimba ikishuka, ina maana mnada uliopita ilikuwa juu, na mkulima ana haki ya kulalamika. Ila asiye na mkorosho hata mmoja, asiyevuna mwaka huu wala mwaka jana wala mwaka wowote, utamwambiaje kwamba mavuno yake yameshuka?

Na neno hili linaumiza watu. Ukisema imeshuka, anayesikia anauliza imeshushwa na nini. Mama anaanza kuhojiwa alimlisha nini mwanawe, mtoto ananyweshwa mlonge na tangawizi ili "ipande". Mlonge ni mboga nzuri, lakini haurekebishi jeni. Kwa mvulana asiye na chembe B, mara nyingi hitilafu iko kwenye jeni ya BTK, iliyotambuliwa mwaka 1993, katika kromosomu ya X. Chembe hukwama ndani ya uboho wa mifupa kabla ya kukomaa, zikabaki chini ya asilimia 2 ya limfosaiti, yaani kundi la chembe nyeupe lenye chembe B na chembe T. Mama anaweza kuibeba jeni hiyo akiwa mzima kabisa. Miezi ya mwanzo mtoto hulindwa na kingamwili alizopata kwa mama tumboni. Akiba hiyo ikiisha, kwenye mwezi wa 6 hivi, masikio na mapafu huanza kuugua mfululizo. Watu huona maradhi yameanza, wakasema kinga imeanguka. Kilichoisha ni akiba ya mama.

"Hana kinga" nalo silikubali. Chembe T zake, ambazo nazo ni za kinga, zipo. Taja kinachokosekana: "mwili wake hautengenezi kingamwili".

Mahali pamoja nitalivumilia. Akianza kupewa imunoglobulini, yaani kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya watu wengine, mshipani, gramu 0.4 hadi 0.6 kwa kila kilo ya uzito kila wiki 3 au 4, kiwango cha kingamwili kitapanda baada ya dozi, kisha kitapungua hadi karibu nusu kwa wiki 3 hivi. Hapo sema "kiwango kimeshuka", na utaje tarehe ya dozi ya mwisho.