Mbwa Akishajiona Ndiye Mwenye Nyumba

Ukitaka kujua kama mbwa amedekezwa, usimwangalie yeye, waangalie wanaoishi naye. Kuna anayekaa kwenye ncha ya kochi asije akamkatiza mbwa usingizi. Kuna anayeacha chakula kikipoa kwa sababu mbwa amesimama mlangoni na anataka kutoka sasa hivi. Sisi ndivyo tunavyoishi. Mtawala wetu anaitwa Jemadari, mbwa mfupi mwenye masikio yaliyolala na sura ya mdai kodi.

Watu wakisikia habari zake hawakosi ushauri: mwonyeshe nani mkubwa. Kula kabla yake, tangulia mlangoni, akikaidi mlaze chali umkandamize chini. Usithubutu. Mawazo haya yalitokana na mbwa mwitu waliofungiwa pamoja ilhali hawana udugu, ambao mtafiti wa wanyama Rudolf Schenkel aliandika habari zao mwaka 1947. Mtafiti mwingine, David Mech, aliyaeneza kwa kitabu chake cha mwaka 1970, kisha mwaka 1999 akaandika kwamba huko porini kundi kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, wala hakuna vita vya kugombea kiti. Na hao ni mbwa mwitu. Wa kwako analala kwenye mto wako. Ukimkandamiza atajifunza jambo moja tu, kwamba mikono yako ni ya kuogopwa.

Jemadari hatawali chochote. Anachofanya ni hesabu: lipi linalipa, lipi halilipi. Mtazame wakati wa chakula. Kwanza anaweka kidevu juu ya goti langu na kushusha pumzi. Nisipomjali, unakuja mguu mmoja wa mbele, taratibu, kucha zikigusa suruali. Halafu anabweka mara moja, kwa ufupi, kama mtu anayesafisha koo. Hapo kuna mtu mezani atacheka, na anayecheka humega kipande. Basi kubweka kumelipwa.

Kulipwa mara mojamoja ndiko kubaya zaidi. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha kwa panya na njiwa kwamba tendo linalolipwa bila mpangilio huchukua muda mrefu kufa kuliko linalolipwa kila mara. Kwa hiyo ile "leo tu, maskini" yako ndiyo inayomtia moyo wa kuendelea kuomba. Ukiamua kuacha, acha kabisa, na ujue kwamba mambo yatazidi kuwa mabaya kabla ya kutulia. Atabweka zaidi, atazunguka meza, atakutazama kama umemfukuza. Wengi hushindwa hapohapo, wakatupa kipande ili wapate amani, na mbwa akafahamu kwamba bei imepanda kidogo tu.

Tena lazima nyumba nzima ikubaliane. Kwetu aliyevunja mkataba alikuwa Bibi, mkono chini ya meza, uso umetulia kabisa. Kumgombeza Bibi ni kazi bure, kwa hiyo tulimpa cheo: yeye ndiye anayempa Jemadari chakula chake cha jioni, kwa sharti kwamba mbwa akae chini kwanza na asubiri bakuli liwekwe. Sasa Bibi ni mkali kuliko sisi sote.

Kuhusu kochi, mimi sina neno. Alale. Ninachodai ni kwamba akiambiwa "shuka," ashuke. Usimvute kwa ukanda wa shingoni. Rusha kitafunwa sakafuni, akishuka msifu, kisha mruhusu apande tena, ili kushuka kusimaanishe kunyang'anywa. Akikungurumia, usimpige. Kunguruma ni onyo, na mbwa anayeadhibiwa kwa kuonya anaweza kufika siku akauma bila kuonya. Rudi nyuma, mpe kitu kizuri badala ya kile anachokilinda, na kama hali ni ya kutisha mwite mtu mwenye ujuzi wa tabia za mbwa. Na kama ukali umeanza ghafla kwa mbwa aliyekuwa mpole, usikimbilie kusema ana kiburi; mpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza. Huenda anaumwa viungo, na kila anayemsogeza anamtonesha.

Vitafunwa visizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata kwa siku kutoka kwenye chakula. Pitisha vidole ubavuni: kama huzihisi mbavu bila kubonyeza, mapenzi yenu yamegeuka mafuta. Chokoleti, vitunguu, zabibu mbichi au kavu, na vitu vilivyotiwa zailitoli (xylitol, kitia utamu kinachotumiwa badala ya sukari) asipewe hata kwa kuonja. Ni sumu kwake.

Kilichosaidia kuliko yote, hata hivyo, ni kumpa kazi. Mbwa asiye na shughuli hujitafutia ya kwake, na kwa kawaida shughuli hiyo ni wewe. Siku hizi sehemu ya chakula cha Jemadari tunaificha nyuma ya miguu ya viti na ndani ya maboksi matupu, akitafute kwa pua. Matembezini tunamwacha anuse nguzo mpaka atosheke, hata kama mimi nina haraka. Akirudi hana tena nguvu ya kutoa amri.

Kubembeleza endelea nako, hakuharibu mbwa. Ila kumbembeleza kuje akiwa ametulia, siyo akiwa anakukwangua.

Kilichobaki kwetu ni wageni. Kanuni ni nyepesi: akimrukia mtu, mtu huyo ageuke ampe mgongo, amsalimie miguu yote minne ikiwa chini. Mbwa anaielewa upesi. Wagumu ni wale wanaoingia huku wakisema, "Mwacheni tu, mimi napenda mbwa." Kwa hao, mfunge kamba kabla hujafungua mlango.