Mota imezimwa, draiva yangu bado inakamua

Juzi kijana mmoja wa chuo hapa Dodoma kaniandikia: "Kaka, shikamoo. Draiva yangu kwenye laptop inasoma vizuri, nikiihamishia kwenye bodi ya ARM namba zinaganda. Waya nimebadilisha mara tatu." Nilicheka, kisha kicheko kikakata. Mimi nilibadilisha mara tano.

Kuna mzee mwenye mashine za kukamua alizeti kule Kizota aliyeniamini na kazi ya kupima umeme unaoliwa na mota zake, ajue mapema mbegu zikikwama. Kadi ya kupimia ilikuwa inamwaga sampuli moja kwa moja kwenye memori kwa DMA, bila kupitia prosesa. Nikaandika draiva ya Linux, yaani programu ya kuiongoza kadi, nikachukua bafa (kipande cha memori cha kupokelea data) kwa kmalloc, ombi la kawaida la memori ndani ya kernel, nikaipa kadi anwani yake, basi. Nyumbani Nkuhungu, kwenye kompyuta ya mezani, ilipiga kazi siku nne bila kukohoa. Nikajiona fundi.

Siku ya kuonyesha nilikwenda na bodi ndogo ya ARM, kompyuta ya saketi moja yenye prosesa ya jamii ya zile za simu. Mzee akasema tuzime mota ya pili. Ikazimwa, mkanda ukasimama. Skrini yangu: ampea 14. Tukasubiri. Ampea 14. Mzee akainama, akasoma, akaniambia taratibu, "Ya kwangu imezimika, ya kwako bado inakamua." Wapakia magunia hoi kwa kicheko. Kazi akapewa mtu mwingine, na hadi leo nikipita barabara ile nageuza uso.

Wiki mbili zilizofuata naziruka, hazina utamu. Kilichonifumbua macho ni bahati tu: nikiwa nanakili faili kubwa toka kwenye flashi, namba zikazinduka ghafla, halafu zikaganda tena. Kumbe kadi ilikuwa inaandika sawasawa. Prosesa ndiyo ilikuwa inasoma nakala yake ya zamani iliyobaki kwenye kashe, ile memori yake ndogo ya haraka. Faili kubwa ilipopita iliisukuma ile nakala nje, prosesa ikalazimika kurudi kwenye memori. Kompyuta ya mezani huipatanisha kashe na memori yenyewe. Bodi nyingi za ARM zimemwachia kazi hiyo mwandishi wa draiva.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiipe kadi anwani kienyeji. Bafa ndogo ya kudumu iombe kwa dma_alloc_coherent; kwenye bodi kama hizi kwa kawaida haipiti kwenye kashe, hivyo kuisoma ni polepole, usiifanye ghala. Data nyingi zichukulie bafa kwa kmalloc, ifunge kwa dma_map_single, na kabla ya kusoma ita dma_sync_single_for_cpu, ili prosesa isisome nakala ya zamani. Wala usiichomeke bafa katikati ya struct (fungu la data) yenye mambo mengine. Mstari wa kashe, kipande kinachobebwa kwa mkupuo mmoja, kwenye bodi yangu ni baiti 64: kadi na prosesa wakiandika ndani ya mstari mmoja, mmojawapo atapoteza data yake.

Jingine, ndani ya intarapti, yaani pale kifaa kinapoikatiza prosesa kazi, usiombe memori kwa alama ya GFP_KERNEL, maana hiyo inaweza kusinzia ikisubiri, na pale hakuna kusinzia. GFP_ATOMIC haisinzii, ila ikikosa inakurudishia NULL, yaani patupu, sasa kagua. Mimi siku hizi naomba kila kitu mapema, kwenye probe, pale draiva inapokabidhiwa kifaa. Mvua ya Desemba huku kwetu haimngoji anayetafuta mbegu.

Na acheni kuamini laptop! Vijana mnakopi draiva ya mtu, inawaka mara moja, mnaipiga picha mnaiweka status. Jaribu kwenye bodi ileile itakayokwenda kwa mteja. Washa CONFIG_DMA_API_DEBUG, ule ukaguzi wa kernel wa matumizi ya DMA, ikutukane ukiwa chumbani kwako, siyo mbele ya wapakia magunia. Narudia, usiamini laptop.

Kijana nilimjibu mstari mmoja tu, ule wa dma_sync_single_for_cpu. Saa nne usiku akanirudishia kidole gumba. Asante hakuandika.