Kobe mkubwa na baridi ya Texas

Ukikulia Zanzibar, ukazoea kuwaona wale kobe wa Changuu ambao asili yao ni Seychelles, wazo la kobe kuumwa kwa baridi halikujii kabisa. Huku Texas ni habari nyingine. Kobe wakubwa wanaofugwa sana uani huku ni sulcata, watu wa Sahel, kuanzia Senegal na Mali hadi Sudan. Dume akikomaa hupita kilo 45. Tena hana kawaida ya kulala msimu mzima wa baridi kama kobe wa Ulaya, anataka joto mwaka mzima. Na gamba si koti, kwani hakuna joto la mwilini la kutunza.

Watu huogopa theluji. Mimi naogopa zaidi manyunyu ya Novemba, nyuzi 8 na ardhi imelowa. Baridi kavu ya mchana wenye jua anaimudu, mradi usiku alale pakavu penye joto. Baridi ikikutana na unyevu ndipo nimonia inapoingia, na kobe hana kiwambo cha kumwezesha kukohoa, kwa hiyo makohozi yakishajaa mapafuni hayatoki kirahisi. Ukiona mapovu puani, au anapumua mdomo wazi huku amenyoosha shingo, mpeleke siku hiyo hiyo kwa daktari anayewajua reptilia.

Kazi yote iko kwenye kibanda. Changu ni cha plaiwudi kuta mbili, katikati nimeshindilia povu gumu, na mlangoni nimetundika mapande ya plastiki nzito kama ya vyumba vya baridi vya kuhifadhia nyama. Kisiwe kikubwa, kobe aweze kugeuka inatosha, la sivyo utapasha hewa joto bure na bili utaiona. Ndani nataka nyuzi 27 usiku kucha, themostati ikisimamia, na kipimajoto kikae usawa wa mgongo wake, si darini. Balbu za joto siziafiki kwa kobe wa ukubwa huu: mgongo uko karibu mno na balbu, gamba linaungua juu huku miguu imepoa. Hita ya umeme iliyojazwa mafuta ndani, si ya kuchoma mafuta, ni bora, ila izungushie mbao nene na waya zote zipite juu. Mnyama huyu akitaka kupita hazunguki. Wangu ameshaburuta benchi la bustani hadi getini.

Jioni usingoje aje mwenyewe. Wangu hufuata jua ukutani, likizama analala papo hapo, uso kwenye matofali. Saa kumi na moja natoka na toroli.

Chakula nacho: akiwa amepoa hasagi vizuri, majani yanachachia tumboni. Asubuhi apate joto kwanza, ndipo ale nyasi kavu zilizolowekwa maji ya uvuguvugu.

Halafu umeme. Februari 2021 Texas iliganda na mamilioni ya watu wakakaa gizani, wengine kwa siku kadhaa. Jua mapema utamhamishia chumba gani, uwe na mablanketi na chupa za maji ya moto za kufunga kwenye taulo. Njaa ya siku mbili haimdhuru. Jiko la mkaa au jenereta usiingize ndani hata kidogo, hewa yake itawaua nyote. Na pima milango kabla. Wangu anapita mlango wa gereji tu, kwa hiyo usiku wa barafu gari hulala nje.