Pini ya wavu wa ngiri: irefushwe?

SWALI: Sisi ni wanafunzi wa uhandisi tiba. Tumebuni pini ya mm 4 ya kushikiza wavu wa kuziba tundu la ngiri kwenye ukuta wa tumbo, kwa upasuaji wa matundu madogo. Kwenye wavu mwembamba inashika, kwenye wavu mnene inachomoka. Tuirefushe?

JIBU: Hesabuni kwanza urefu unaofanya kazi. Kwenye mm 4 toeni unene wa kichwa, tuseme mm 1, kisha unene wa wavu, mm 1 nyingine. Zinabaki mm 2, nazo zinapaswa kupita utando laini wa ndani na mafuta yaliyo nyuma yake kabla ya kufika kwenye utando mgumu wa misuli, ambako ndiko pini hushika kweli. Kwa mgonjwa mnene itaishia kwenye mafuta. Ukijaribia kwenye nyama iliyoondolewa mafuta hutaiona kasoro hii, kwa hiyo acheni tabaka zote kwenye sampuli.

Kurefusha hadi mm 6 au 7 kunasaidia, lakini kuna hatari. Pini ndefu inaweza kunasa mishipa ya fahamu na kuacha maumivu sugu. Kwenye kiwambo, msuli unaotenganisha tumbo na kifua, moyo uko upande wa pili. Pini zilizopenya hapo zimewahi kuua wagonjwa. Katazo la kupiga pini kwenye kiwambo liandikwe wazi kwenye maelekezo ya matumizi.

Sisi tungeanza na kichwa. Kikipunguzwa unene hadi mm 0.5, mnapata nusu milimita ya kupenya bila kugusa urefu. Ila kiwe kipana kuliko matundu ya wavu: nyavu nyepesi zina matundu ya mm 3 au zaidi, na kichwa cha mm 2.5 kitateleza na kupita.

Tena, msipime kwa kuchomoa wima peke yake. Mgonjwa anapokohoa, shinikizo husukuma wavu uingie kwenye tundu la ngiri, na kingo zake huburutwa kuelekea katikati. Mzigo huo unakwenda sambamba na ukuta, na unajirudia. Vuteni kwa njia zote mbili, wima na sambamba na ukuta, kisha rudieni mara nyingi kwa nguvu ndogo. Pini inayostahimili mvuto mmoja mkubwa huweza kulegea taratibu kwa mivuto midogo.

SWALI: Pini zetu zinazoyeyuka mwilini, za polima ya asidi ya laktiki na glikoliki, zilipinda baada ya kutakaswa kwa mvuke. Kwa nini?

JIBU: Mvuke wa 121°C unazidi sana joto la takriban 50°C ambalo polima hiyo huanza kulainika, na maji hukata minyororo ya molekuli zake, jinsi yatakavyofanya mwilini. Tumieni gesi ya ethilini oksaidi kwa joto la chini, zipeni muda gesi itoke, kisha zifungeni kwenye mfuko wa karatasi ya alumini pamoja na kikausha unyevu. Miale ya gama nayo hukata minyororo hiyo. Mkiichagua, pimeni nguvu ya pini upya baada ya kuipiga miale.