Usirushe Klipu Kabla Wimbo Haujawa Tayari

Msanii anayejitegemea, asiye na lebo wala meneja, akianza kuvuma mtandaoni huwa na siku chache tu za kuvuna. Kipande cha sekunde 15 kinasambaa, watu wanautafuta wimbo mzima, hawaupati. Kesho yake mtu mwingine ameshaupandisha kwa akaunti yake. Maliza wimbo, mkabidhi msambazaji, yaani kampuni inayoupeleka kwenye Spotify na majukwaa mengine, ndipo uanze kuchokoza watu kwa vipande.

Msambazaji, kama DistroKid, TuneCore au CD Baby, mpe faili la WAV wala si MP3, picha ya jalada yenye pikseli 3000 kwa 3000, na tarehe ya kutoka iliyo wiki 3 au 4 mbele. Ili wahariri wa Spotify waufikirie wimbo kwa orodha zao za nyimbo, wanataka uwapendekezee angalau siku 7 kabla haujatoka. Ukikurupuka, nafasi hiyo imekupita. Na prodyuza asiukandamize wimbo ili upige kelele kuliko nyimbo za wenzako. Spotify husawazisha sauti kwenye takriban LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo utashushwa tu, na ngoma itabaki imepooza.

Panapoumiza zaidi ni kwenye biti. Biti ya bei rahisi mtandaoni kwa kawaida si yako peke yako, wengine nao wameinunua. Ukiusajili wimbo huo kwenye Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua sauti ya mtu kwenye video za wengine, utaikuta biti ileile kwenye nyimbo zao na kuwadai mapato, au wao wakitangulia, wewe ndiye utakayedaiwa. Leseni nyingi za namna hiyo pia zina kikomo cha idadi ya usikilizaji. Wimbo ukilipuka ukakivuka, unarudi kununua upya kwa muuzaji anayejua fika kwamba umebanwa. Nunua haki ya kipekee, au kaa na prodyuza kabla ya kurekodi mwandikiane: majina kamili, asilimia ya kila mmoja kwenye utunzi (maneno na melodi) na kwenye rekodi (sauti yenyewe iliyorekodiwa), tarehe, sahihi. Karatasi moja inatosha. Urafiki hautoshi.

Utunzi na rekodi ni haki mbili tofauti. Msambazaji hukukusanyia fedha za rekodi. Mirabaha ya utunzi wimbo unapochezwa hadharani hupitia chama cha hakimiliki, na usipojisajili huko hupati kitu.

Kila rekodi ina msimbo wa kuitambulisha, ISRC, wenye herufi na tarakimu 12. Utunze. Ukihama msambazaji, tumia msimbo uleule na faili lilelile, na usiuondoe wimbo kwa wa zamani mpaka uonekane kwa mpya. Bila hivyo hesabu ya usikilizaji inaweza kuanza upya kutoka sifuri.

Tangu 2024, Spotify hawalipi wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 ndani ya miezi 12, na usikilizaji huhesabiwa baada ya sekunde 30. Utangulizi mrefu wa kinanda una gharama yake.

Anayekuuzia maelfu ya wasikilizaji anakuuzia roboti. Wimbo unaweza kuondolewa, na faini anayotozwa msambazaji ikakurudia wewe. Hata usiponunua, unaweza kuingizwa kwenye orodha ya nyimbo ya roboti bila kujua: idadi inapaa usiku mmoja, wasikilizaji karibu wote wanatoka mji mmoja, hakuna anayeuhifadhi wimbo. Ukiona hivyo, piga picha za takwimu na umwandikie msambazaji siku hiyohiyo.