Mkweche wa mbio za saa nyingi: pesa ziende wapi kwanza

Piga hesabu kabla hujafungua boneti. Mzunguko mmoja ukiwa wa dakika 2, na gari lenu likimzidi mpinzani kwa sekunde 3 kila mzunguko, mtahitaji mizunguko 200, karibu saa 7, kumwacha kwa dakika 10. Dakika 10 hizo zinapotea mkisimama mara moja tu kutafuta spana. Kwa hiyo anayetaka kuanza kwa kubadilisha ekzosi na kutia filta ya hewa yenye kelele ameanza mkiani.

Mtindo huu wa kushindana kwa magari ya bei ya kutupa ulipata umaarufu Marekani, ilipoanzishwa 24 Hours of Lemons mwaka 2006 kwa sharti kwamba gari lisizidi dola 500, vifaa vya usalama vikiwa nje ya hesabu. Kwetu wazo lenyewe si geni: mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda mashindano ya magari ya Safari kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika na wengine.

Kwa Mombasa, tafuteni gari ambalo fundi yeyote wa Changamwe analijua kwa kupapasa: Corolla 100 au 110, au Nissan B13. Kwenye Corolla chukueni injini ya 4A-FE au 5A-FE. Pimeni kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inakandamiza, silinda zisipishane kwa zaidi ya psi 14. Kisha laleni chini ya gari na bisibisi. Hewa ya chumvi hula gari la pwani kutokea ndani, na rangi nzuri haisemi lolote. Gongeni chini ya milango, kwenye sakafu, na pale shoku za mbele zinaposhikia bodi. Bisibisi ikizama, liacheni hata kama injini inaimba, kwa sababu keji, fremu ya mabomba inayomkinga dereva, haichomelewi juu ya kutu.

Keji hiyo ndiyo mahali pekee pasipo na mjadala wa bei. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, zinataka bomba la chuma lisilo na mshono: upinde mkuu, ule wa nyuma ya dereva, kipenyo cha milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Mabomba mengine 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2. Kila mguu wa upinde ukae juu ya bamba la unene usiopungua milimita 3 lenye eneo lisilopungua sentimita mraba 120. Bomba la geti lina mshono, na hapo ndipo hufunguka gari likibingirika. Kabla ya kununua chochote, someni pia masharti ya Shirikisho la Michezo ya Magari Kenya, maana mkaguzi hatawahurumia kwa kuwa mmeshachomelea.

Sasa joto, ambalo ndilo huua magari mengi. Gari likichemka, mafundi wengi hapa huanza kwa kung'oa thamostati, vali inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata moto, na kuitupa. Kwenye injini hizi za Toyota hilo ni kosa. Thamostati yake imekaa upande maji yanaporudi injini, na ina kisahani cha pili mgongoni. Inapofunguka, karibu nyuzi 82, kisahani hicho huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote na sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo injini. Nunueni mpya, iliyo halisi.

Badilisheni na kifuniko cha rejeta. Kikishika psi 13, maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Mpira wake ukichoka, yanachemka kwenye 100. Msitie maji ya kisima, yana chumvi na huacha magamba kwenye njia nyembamba za rejeta. Tieni maji ya betri yasiyo na asidi pamoja na kulanti. Na msidanganywe na foleni ya feri Likoni: gari kupoa likiwa limesimama kunathibitisha kwamba feni inafanya kazi, basi. Mzigo wa kweli ni mlima wa Mazeras kuelekea Mariakani saa saba mchana, gia ya tatu, kwa mwendo unaoruhusiwa.

Geji ya dashibodi nayo haitoshi. Maji yakimwagika yote, sensa yake inabaki hewani na mshale unaweza hata kushuka, dereva akaona mambo ni shwari. Fungeni sensa ya pili kwenye chuma cha hedi chenyewe, yaani kichwa cha injini, na king'ora. Hedi ya aluminiamu ikipinda zaidi ya milimita 0.05, gasketi mpya haitakaa.

Oili: kwenye kona ndefu hukimbilia upande mmoja wa sampu, bakuli la oili chini ya injini, pampu ikavuta hewa, na beringi za konrodi zikaanza kugonga. Chomeleeni vizuizi ndani ya sampu, na mzidishe nusu lita juu ya alama. Taa ya presha ya oili iwe kubwa, machoni pa dereva. Ikiwaka, azime injini hapo hapo, asisubiri kufika piti, pale timu inapohudumia gari.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu, na unyevu huku haukosekani. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, yakishafyonza maji yanaweza kushuka hadi 155, na pedali inazama mpaka sakafuni. Tieni ya kopo jipya wiki ya mbio. Ondoeni mabamba ya vumbi nyuma ya diski za mbele, vutieni hewa kwa hozi ya inchi 3 kutoka bampa hadi katikati ya diski. Dereva akiingia piti asikanyage breki akiwa amesimama na diski zikiwa bado moto, wala asivute hendibreki. Wekeni kabari kwenye tairi.

Beringi za magurudumu ya mbele hufa usiku, sijui kwa nini kila mara usiku. Kuipresi mpya kunahitaji mashine, kwa hiyo bebeni nakali nzima, chuma kinachobeba gurudumu la mbele, ya kila upande, beringi na habu zikiwa tayari ndani. Mtabadilisha chuma kizima mkarudi. Nati za rimu za Corolla zikazwe Nm 103 kwa spana ya kupimia, na zikaguliwe tena baada ya mizunguko michache.

Ongezeni waya wa pili wa ethi kutoka betri hadi injini. Kutu ya chumvi kwenye ethi huleta hitilafu zinazoonekana kama za kompyuta, na mtabadilisha sensa nzima nzima bure.

Dereva naye huchemka. Miezi ya kaskazi, ndani ya suti na helmeti, saa moja kwa zamu inatosha. Madafu ni mazuri lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo. Jasho linatoa sodiamu, kwa hiyo kunyweni pia maji yenye chumvi ya kurudisha maji mwilini. Wakati wa kujaza petroli injini izimwe, dereva atoke kabisa, na mmoja asimame na kizimamoto kilichokwisha kutolewa pini.