Je, kozi ya kulipia itanirudishia fedha zangu?

SWALI: Ndugu Mshauri, nina biashara ndogo ya kuuza mikoba kwa njia ya mtandao. Ninaishona mwenyewe, mkoba mmoja hunichukua siku nzima ya kazi, na kwa mwezi ninauza takribani 20. Nimepata kozi ya matangazo ya mtandaoni ya wiki nane, inayohitaji saa sita za kujisomea kila wiki. Ada yake ni sawa na faida yangu ya miezi minne, ila ninaruhusiwa kulipa kwa awamu nikijiandikisha kabla ya Ijumaa. Kaka yangu anasema ni kutupa fedha kwa sababu kila kitu kinapatikana bure mtandaoni. Nilipe, au nimsikilize kaka? — Mshona Mikoba

JIBU: Ndugu Mshona Mikoba, kaka yako ana hoja, ingawa haijakamilika. Ni kweli kwamba maarifa ya bure yamejaa. Chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza tangu mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake mtandaoni bila malipo, na kampuni zinazouza nafasi za matangazo nazo hutoa mafunzo ya bure ya kuzitumia, kwa kuwa zinafaidika ukitangaza. Kisichopatikana bure kwa urahisi ni mtu mwenye ujuzi anayeitazama kazi yako na kukuonyesha ulipokosea. Kwa hiyo, kama kozi hiyo ni video zilizorekodiwa tu, unalipia mpangilio. Kama mkufunzi anakagua matangazo yako mwenyewe, hapo kuna kitu cha kununua.

Hata hivyo, kabla ya kuipima kozi, tuipime biashara yako. Faida ya miezi minne ni faida ya mikoba 80. Saa 48 za masomo nazo zitatoka mahali fulani, na kwa mtu anayeshona mwenyewe zitatoka kwenye cherehani: kwa siku ya saa nane, hiyo ni mikoba sita ambayo haitashonwa. Gharama halisi, basi, ni mikoba 86, na ukitaka irudi ndani ya mwaka mmoja itakubidi uuze zaidi ya mikoba saba ya ziada kila mwezi, yaani zaidi kidogo ya 27 badala ya 20. Mkoba mmoja ni siku moja, na bado kuna kupiga picha, kuwajibu wateja, kununua vitambaa na kufungasha mizigo. Siku hizo saba utazipata wapi?

Hili ndilo ninaloliona katika barua yako, ijapokuwa hukuliuliza. Hujasema kwamba mikoba inakaa bila wanunuzi, na hesabu zako zinaonyesha kwamba kinachoibana biashara ni mikono yako miwili. Tangazo likifanya kazi vizuri litakuletea oda usizoweza kuzitimiza kwa wakati, na mteja aliyecheleweshewa mzigo huacha maoni ambayo hakuna tangazo litakaloyafuta. Kama ni lazima ulipie mafunzo mwaka huu, ningekushauri utafute fundi mzoefu akuonyeshe namna ya kukata vipande vya mikoba kadhaa kwa pamoja, au mtu wa hesabu akusaidie kupanga bei upya. Anayeuza vyote anavyoweza kushona huenda anauza kwa bei ya chini mno. Jaribu kupandisha bei ya muundo mmoja kwa mwezi mzima uone wateja watafanya nini. Jaribio hilo halina ada.

Ikiwa utaona kwamba bado unahitaji kozi ya matangazo, usijihesabu miongoni mwa watakaoimaliza kabla hujaianza. Jarida la Science lilichapisha mwaka 2019 uchambuzi wa kozi za mtandaoni za Harvard na MIT: kati ya wote walioshiriki mwaka wa masomo 2017–18, takribani asilimia 3 tu walimaliza, na miongoni mwa waliolipia cheti walimaliza asilimia 46. Kulipa kunaonekana kumfanya mwanafunzi adumu kwenye masomo, au pengine wenye nia thabiti ndio wanaokubali kulipa. Kwa vyovyote vile, zaidi ya nusu ya waliolipia hawakufika mwisho.

Muulize mkufunzi ratiba kamili ya masomo, masharti ya kurejeshewa fedha yakiwa kwa maandishi, na kama ushuhuda anaouonyesha unataja faida au mauzo tu, maana mauzo makubwa yanaweza kununuliwa kwa matangazo yanayoimeza faida yote. Tahadhari hii si ya kinadharia. Mwaka 2018 tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani, FTC, iliishtaki MOBE, iliyokuwa ikiuza mafunzo ya biashara ya mtandaoni, ikidai kwamba ilikuwa imechukua zaidi ya dola milioni 125 kutoka kwa watu walioahidiwa mfumo wa kujipatia kipato na kisha kusukumwa kununua ngazi moja baada ya nyingine, kila moja ghali kuliko iliyotangulia. Simtuhumu mkufunzi wako. Ninachotaka ni umtake ataje bei ya kila kitu atakachokuuzia baadaye.

Kuhusu awamu, fahamu kwamba kwa kawaida deni hubaki hata ukiacha kozi katika wiki ya pili, na jumla ya awamu mara nyingi huizidi ada ya kulipa kwa mkupuo, kwa hiyo zijumlishe kwanza. Iache Ijumaa ipite. Wauzaji wa kozi za aina hii wana desturi ya kuongeza siku, na hata kama huyu hataongeza, hoja pekee ya kulipa wiki hii ni tarehe aliyoipanga yeye, wakati hesabu ya mikoba yako haijabadilika.